Manyoya ya Paka Hayachorwi Unywele Mmoja Mmoja

Wengi wakiona picha ya paka iliyofanana naye kabisa, huamini mchoraji kachora kila unywele. Sivyo, na imani hiyo huwakatisha tamaa bure wanaoanza. Ulaini wa manyoya hutokana na giza na mwanga: tandaza kivuli chepesi kwa penseli ya 2B (yenye risasi laini na nyeusi kiasi) ukifuata manyoya yanakolalia, kisha zidisha giza chini ya kidevu na ndani ya masikio. Nywele chache za pembezoni zinatosha. Jicho la mtazamaji hujazia zilizobaki.

Na sharubu nyeupe? Hizo hazichorwi kabisa! Kabla ya kutia kivuli, kandamiza mistari yake kwa sindano butu. Penseli ikipita juu kwa ubavu, vijifereji hivyo hubaki vyeupe. Ukisubiri mwisho, raba ni shida kukupa mstari mwembamba hivyo.