Anagramu: jinsi ya kuyatambua maneno ya Kiingereza yenye herufi zilezile

Andika jina la Moshi kwenye karatasi, ukate herufi zake tano mojamoja, kisha uzichanganye mezani. Ukizipanga upya utapata neno "shimo", bila herufi kubaki na bila kuazima nyingine. Fanya hivyohivyo kwa Arusha, na utakachopata upesi ni "rusha", lakini mkononi kitabaki kipande kimoja chenye herufi A. Jozi ya kwanza ni anagramu. Ya pili si anagramu, ingawa maneno yake mawili yametumia herufi za aina zilezile. Mtu anayetafuta maneno ya Kiingereza "yenye herufi zilezile" hana budi aamue kwanza anataka jozi ya namna ipi kati ya hizo mbili, kwa kuwa majibu yake hayafanani.

Anagramu ni neno, au fungu la maneno, linalopatikana kwa kupanga upya herufi zote za neno jingine, kila herufi ikitokea mara zilezile ilizotokea mwanzoni. Istilahi yenyewe ina asili ya Kigiriki. Katika Kiingereza mfano unaotajwa mara nyingi ni "listen", yaani sikiliza, na "silent", yaani kimya, na watu huupenda kwa sababu maana zake zinaelekea kuhusiana. Uhusiano huo ni wa bahati tu, kwani herufi hizohizo sita zinatoa pia "enlist", kujiandikisha jeshini, na "tinsel", mapambo ya kumetameta ambayo madukani huonekana zaidi mwezi Desemba. Ukoo mwingine mkubwa ni wa herufi nne: "stop", "spot", "post", "pots", "tops" na "opts", maneno sita yanayoeleweka yote. Mfano ninaouona bora kuliko yote ni wa hesabu: "eleven plus two" na "twelve plus one" zina herufi zilezile 13, na jumla ya kila upande ni 13.

Sasa turudi kwenye ile A iliyobaki mkononi. Aliyesoma mada ya seti shuleni atakumbuka kwamba ndani ya seti kitu hutajwa mara moja tu, hata kikijirudia mara kumi. Kwa kipimo hicho Arusha na "rusha" ni sawa kabisa, kwa maana seti ya herufi zao ni moja: A, H, R, S na U. Vivyo hivyo "kata", "kataa", "taka" na "takataka" zote zimejengwa kwa herufi tatu tu, A, K na T. Kiingereza kina jozi nyingi za namna hii, na mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za kidato cha kwanza anazifahamu bila kuambiwa: "lose" na "loose", "of" na "off", "later" na "latter", "desert" na "dessert", "hoping" na "hopping". Katika kila jozi seti ya herufi ni ileile, na kinachotenganisha jangwa na kitindamlo ni S moja. Kwa hiyo ukiomba orodha ya maneno yenye seti ileile ya herufi utaletewa anagramu zote pamoja na makosa mengi ya tahajia ya wanafunzi wetu, na ukiomba anagramu peke yake utaletewa orodha fupi zaidi.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba anagramu ni mambo ya maandishi, wala haiisikilizi sauti. Katika neno "thing" herufi T na H zimeshikana kutoa sauti moja, lakini katika "night", ambalo ni anagramu yake, zimebadilishana nafasi na H imejiunga na G katika ukimya. Nasi tunayo hayo. Siha, wilaya iliyo magharibi mwa Mlima Kilimanjaro, ina herufi zilezile za "hisa" na "isha", lakini ni katika "isha" peke yake S na H zinapokutana na kuwa sauti moja. Mzungumzaji wa Kiswahili hupata shida kidogo hapa, kwa sababu sikio lake limezoea kugawanya neno kwa silabi. Mchezo wetu wa zamani wa kinyume, ambapo silabi ya mwisho hupelekwa mwanzo, unafanya kazi kwa vipande hivyo: mo-shi huwa shi-mo, li-ma huwa ma-li, ka-ta huwa ta-ka. Mchezo huo ukiangukia neno halisi, basi ni anagramu pia, lakini si kila anagramu inapatikana kwa kinyume. Herufi za "mali" zinatoa "lima", "mila", "lami" na hata "imla", na hilo la mwisho halifikiki kwa kuhamisha silabi, kwa sababu L na M zimesimama pamoja bila irabu kati yake. Kiingereza kinaruhusu misongamano ya konsonanti kuliko Kiswahili, mwanzoni mwa neno na mwishoni mwake, ndiyo maana "stop" inaweza kuwa "post" na pia "opts".

Njia ambayo kila mtu huianza ni kuzichanganya herufi na kutazama kinachotokea. Inafaa kwa herufi tatu au nne, kisha inaharibika haraka. Herufi nne tofauti zina mipangilio 24, tano zina 120, sita zina 720, na saba zina 5,040. Ukiutazama kila mpangilio kwa sekunde moja, herufi saba zitakuchukua dakika 84 bila kupumzika, na neno la herufi nane litakula zaidi ya saa 11. Herufi zinazojirudia hupunguza kazi: Arusha, kwa kuwa ina A mbili, ina mipangilio 360 badala ya 720. Hata hivyo Kilimanjaro, yenye herufi 11, I mbili na A mbili, bado inabaki na mipangilio 9,979,200. Karibu yote ni takataka isiyotamkika, na kazi ya kuichambua humwangukia mtafutaji.

Njia iliyo bora inakwenda upande wa pili. Herufi za kila neno hupangwa kwa mfuatano wa alfabeti, na mpangilio huo mmoja huwa ufunguo wa neno. "Listen" inakuwa EILNST, na "silent", "enlist" na "tinsel" nazo zinakuwa EILNST. Moshi inakuwa HIMOS na "shimo" inakuwa HIMOS. Kwa kuwa kuzipanga kwa alfabeti kunafuta mpangilio wa mwanzo na kuacha akiba ya herufi peke yake, maneno yenye ufunguo mmoja lazima yawe anagramu, na yenye funguo tofauti hayawezi kuwa anagramu kamwe. Ukitaka seti badala ya anagramu, unafuta marudio ndani ya ufunguo: AAHRSU ya Arusha inabaki AHRSU, sawa na ya "rusha".

Kompyuta haihitajiki kuionja njia hii. Binti wa dada yangu, anayesoma kidato cha pili hapa Moshi, aliifanya kwa vipande vya boksi la sabuni. Alinakili maneno kutoka nyuma ya kitabu chake cha Kiingereza, akaandika neno chini na ufunguo juu kwenye kona, kisha akavipanga vipande vyote kwa kufuata funguo kama majina yanavyopangwa katika daftari la mahudhurio. Vipande vyenye ufunguo mmoja vilijikuta vimelaliana. "Mjomba, sijatafuta chochote," aliniambia, "yamekuja yenyewe." Programu ya kompyuta hufanya vivyo hivyo: hupitia kamusi nzima mara moja, huandika kila neno chini ya ufunguo wake, na tangu hapo swali lolote hujibiwa kwa kutazama fungu moja tu.

Mwanafunzi huyohuyo ameshakutana na ufunguo wa namna hii katika fizikia bila kujua. Mwaka 1676 mwanasayansi wa Uingereza Robert Hooke alichapisha mfululizo huu: ceiiinosssttuv. Zilikuwa herufi za sentensi ya Kilatini zilizopangwa kwa alfabeti, na mwaka 1678 akaifichua sentensi yenyewe, "ut tensio, sic vis", yaani kadiri kitu kinavyorefuka, ndivyo na kani inavyokuwa. Hiyo ndiyo kanuni ya Hooke, ile ya kuning'iniza mawe ya mizani kwenye springi katika maabara. Wakati ule mgunduzi aliyetaka kuthibitisha kwamba amewatangulia wenzake, huku akihitaji muda wa kuendelea na kazi yake, aliweza kutoa herufi hadharani na kuishikilia maana.

Galileo, mwanaastronomia wa Italia, alikuwa amefanya hivyo mwaka 1610, ila yeye alizivuruga herufi badala ya kuzipanga. Alituma herufi 37 zilizoficha sentensi ya Kilatini iliyosema kwamba ameiona sayari ya juu kuliko zote ikiwa na sehemu tatu. Sayari hiyo ni Zohali, na darubini yake haikuwa na uwezo wa kuonyesha kwamba alichokiona pembeni ni pete. Mwanaastronomia mwenzake Johannes Kepler alizihangaikia herufi hizo akapata sentensi nyingine kabisa, yenye Kilatini cha kulazimisha, iliyohusu Mirihi kuwa na wenzi wawili. Alikosea fumbo, lakini Mirihi ina miezi miwili kweli, nayo iligunduliwa na Asaph Hall mwaka 1877. Kisa hiki kinaonyesha tatizo la anagramu ndefu: akiba moja ya herufi ikiwa kubwa huzaa sentensi nyingi, na herufi zenyewe hazikuambii ni ipi iliyokusudiwa.

Wapo wanaotumia namba mahali pa ufunguo wa herufi, na hapa mwenye hisabati atafurahi zaidi. Ukiipa A namba 1, B namba 2 na kuendelea, kisha ukajumlisha, utadanganyika, kwa sababu A na D zina jumla ya 5, na B na C vilevile. Dawa yake ni kuzipa herufi namba tasa na kuzizidisha: A ni 2, B ni 3, C ni 5, D ni 7, E ni 11, hadi T ambayo ni 71. Neno "tea" linakuwa 71 mara 11 mara 2, yaani 1,562, na "eat" na "ate" zinafika hapohapo. Kwa kuwa kila namba nzima kubwa kuliko 1 ina njia moja tu ya kugawanyika katika namba tasa, hakuna akiba nyingine ya herufi inayoweza kutoa 1,562. Neno "teat", lenye T ya ziada, ni 110,902, na ukiigawanya kwa 1,562 unapata 71, yaani T iliyozidi. Kwa njia hiyo mtu anaweza kuuliza hata kama neno fupi limo ndani ya neno refu, jambo ambalo ufunguo wa alfabeti haulijibu kirahisi hivyo. Hasara yake ni kwamba namba hukua upesi, na kwa kalamu na karatasi utachoka kabla ya kufika mbali.

Wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, ndio wanaoishi na mambo haya kila siku. Mchezo huo ulibuniwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930, na jina lake la sasa lilipatikana mwaka 1948. Mchezaji hushika vigae saba, na akivitumia vyote kwa mkupuo mmoja huongezewa pointi 50. Wazoefu huvipanga kwanza kwa alfabeti kwenye kibao chao, kwa kuwa wamekariri funguo kuliko maneno: aonaye AEINRST hukumbuka mara moja "retains", "nastier", "retinas" na "stainer". Herufi hizo saba ni miongoni mwa zinazotumika mno katika Kiingereza, ndiyo sababu ukoo wake ni mkubwa. Neno lenye Q au Z kwa kawaida halina ndugu.

Orodha utakayoipata inategemea kamusi uliyoianza. Waingereza huandika "colour" na Wamarekani "color", na maneno hayo mawili si anagramu, kwa kuwa lile la kwanza lina U ambayo la pili halina. Ufunguo nao hautambui lugha. Mji wa Same, ulio kwenye barabara ya kutoka Moshi kwenda Tanga, una ufunguo AEMS, na kamusi ya Kiingereza itakupa hapo "same", "seam" yaani mshono, na "mesa", kilima chenye kilele bapa. Ukichanganya kamusi mbili katika boksi moja, ya Kiingereza na ya Kiswahili, kwenye fungu hilohilo utakuta pia "sema".