Usiogope kuchaji gari la umeme kila siku. Ogopa kuliacha limejaa juani

Swali ambalo sisi wataalamu wa betri huulizwa zaidi na wenye magari ya umeme ni hili: nichaji mara ngapi kwa wiki ili betri idumu? Wengi huja na jibu lao tayari. Wameambiwa wasubiri chaji iishe kabisa ndipo wachomeke, wajaze hadi asilimia 100, kisha wasiguse waya tena mpaka iishe. Ushauri huo ulitokana na betri za zamani za nikeli na kadimiamu, ambazo ziliweza kuzoea kiwango fulani cha chaji na kupoteza uwezo uliobaki. Betri za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991 na ambazo ndizo zinazoendesha magari ya leo, hazina tabia hiyo. Ukizichaji kwa kanuni ya zamani unazichosha bure.

Idadi ya mara unazochomeka waya haina uzito ambao watu huipa. Uchakavu wa kutumika hupimwa kwa mizunguko kamili, yaani kila umeme uliotumia unapofikia jumla ya asilimia 100 ya betri, na ukichaji kutoka asilimia 50 hadi 80 umetumia chini ya theluthi ya mzunguko mmoja. Fanya hivyo siku tatu mfululizo, bado hujamaliza mzunguko. Tena vipande vidogo vidogo huiumiza betri kidogo kuliko kuishusha hadi chini na kuipandisha hadi juu, hata kama jumla ya umeme ni ile ile. Tufanye hesabu: betri ikimudu mizunguko kamili 1,000, na gari likienda kilomita 350 kwa chaji moja, hizo ni kilomita 350,000. Madereva wengi wa kawaida watachukua miaka mingi sana kufika huko. Kwa mtu ambaye gari lake hukaa limeegeshwa saa 20 au zaidi kwa siku, jambo la kuuliza ni betri inakaa katika hali gani saa zote hizo.

Betri ya gari ni mkusanyiko wa betri ndogo nyingi ziitwazo seli, na ndani ya kila seli kuna pande mbili: upande hasi, ambao aghalabu ni wa grafiti (aina ya kaboni), na upande chanya wenye mchanganyiko wa madini. Katikati yake kuna kimiminika kiitwacho elektroliti. Unapochaji, ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, hutoka upande chanya, hupita kwenye kimiminika hicho na kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafiti. Elektroliti inapokutana na grafiti hiyo huvunjikavunjika taratibu, na mabaki yake hutanda juu ya grafiti kama utando mwembamba sana. Utando huo unahitajika, kwa maana ndio unaoizuia elektroliti isiendelee kuharibika kwa kasi. Tatizo ni kwamba hauachi kukua, na kila unapoongezeka unanasa lithiamu ambayo haitarudi kazini tena. Hapo ndipo kilomita zako zinapopotelea.

Utando huo hukuzwa na mambo mawili: chaji nyingi na joto. Katika betri za lithiamu zenye nikeli kwenye upande chanya, seli iliyojaa kabisa huwa karibu volti 4.2, na ikiwa nusu huwa karibu volti 3.7. Kwenye mita ni tofauti ndogo, lakini kwa kemia ya ndani ni mzigo mkubwa, na upande chanya nao huumia volteji inapokuwa juu. Kuhusu joto, makadirio yanayotumika sana ni kwamba kasi ya mabadiliko ya kikemia huweza kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka. Sasa yaweke mawili hayo pamoja: gari limechajiwa usiku hadi 100, halafu likaegeshwa juani kutwa nzima bila kuendeshwa. Betri hiyo haijasogeza tairi hata mita moja, lakini inaweza kuwa imezeeka kuliko ingeendeshwa siku nzima ikiwa na chaji ya wastani.

Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza ni kuweka kikomo cha asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku. Magari mengi ya sasa yana sehemu ya kuweka kikomo hicho kwenye skrini au kwenye programu ya simu. Kuna wanaosema asilimia 70, na kama safari zako za siku ni fupi, 70 ni bora zaidi. Lakini usijinyime. Una safari ndefu kesho? Jaza hadi 100 bila hofu. Muhimu ni saa ya kujaa: panga gari limalize kuchaji karibu na muda wa kuondoka. Ukiondoka saa 12 asubuhi, afadhali lifike 100 saa 11 alfajiri kuliko saa 4 usiku. Kujaa kwa saa moja hakuna neno. Kujaa wiki nzima ndiko kunakoumiza.

Kuna betri ambazo kanuni hii hubadilika kidogo, nazo ni zile za chuma na fosfati, zinazojulikana kwa kifupi LFP. Watengenezaji wengi wa magari yenye betri hizi husema zijazwe hadi 100 mara kwa mara, wengine wakitaja mara moja kwa wiki. Watu hudhani ni kwa sababu hazichoki zikijaa. Hapana, nazo huzeeka upesi zaidi zikikaa zimejaa, ila ni sugu zaidi. Sababu kubwa ni vipimo. Volteji ya LFP haibadiliki sana kuanzia chaji ikiwa kidogo hadi ikaribie kujaa, kwa hiyo kompyuta ya gari hupata shida kujua kilichobaki. Ikifika juu kabisa, volteji hupanda ghafla, kompyuta hurekebisha hesabu yake, na seli hupata nafasi ya kusawazishwa ili zote ziwe na chaji sawa. Usipofanya hivyo kwa muda mrefu, gari linaweza kukuonyesha asilimia 15 kumbe hakuna kitu. Kwa hiyo fungua kitabu cha gari ujue una betri ya aina gani kabla ya kufuata ushauri wa jirani, kwa sababu gari lake huenda likawa na betri tofauti kabisa na yako.

Upande wa chini ni mwepesi zaidi kueleza. Jaribu kutoshuka chini ya asilimia 20 kwa mazoea, ila kushuka hadi 10 siku moja moja hakuui betri. Mtengenezaji ameacha akiba ambayo huioni kwenye skrini. Usichotakiwa kufanya ni kuliacha gari likiwa karibu sifuri kwa siku nyingi, maana seli huendelea kupoteza chaji kidogo kidogo, na zikishuka kupita kiasi zinaweza kuharibika moja kwa moja.

Tuje kwenye chaja za haraka, ambazo zimezushiwa mengi. Unapochaji nyumbani, umeme wa mkondo geu (AC) hupita kwanza kwenye kifaa kilichomo ndani ya gari kinachougeuza kuwa mkondo mnyoofu (DC), na kifaa hicho mara nyingi huishia kilowati 7 au 11. Chaja ya haraka hupeleka mkondo mnyoofu moja kwa moja kwenye betri, kuanzia kama kilowati 50 hadi 350 au zaidi kwa zile kubwa. Joto huongezeka na ioni hulazimishwa kukimbia. Hata hivyo, kompyuta ya betri haikai kimya: hupima joto na volteji ya seli, na hupunguza kasi inapoona hatari. Ukiwa safarini zitumie, ndiyo kazi yake. Mimi nisingependa tu ziwe chakula cha kila siku kwa mtu mwenye mahali pa kuchaji taratibu.

Ukiwa kwenye chaja ya haraka, ondoka ikifika 80 hivi. Kuijaza betri ni kama kujaza gunia la nafaka: mwanzo unamimina tu, mwisho unashindilia kiganja kwa kiganja. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kuchukua muda sawa na zote ulizopata kabla yake. Na kama umeendesha kwa kasi mchana wa joto, kisha ukachaji haraka, tafuta kivuli unapopumzika. Angalia pia kama betri ya gari lako hupozwa kwa kimiminika. Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza, zilizoanza kuingia sokoni mwaka 2010 na ambazo zimeuzwa sana mitumba, hazina mfumo huo, kwa hiyo mwenye Leaf ya aina hiyo anapaswa kuwa mwangalifu zaidi na joto kuliko wengine, hasa akichaji haraka mara mbili au tatu katika safari moja.

Kwenye baridi kali mambo hugeuka. Chini ya nyuzi 0, lithiamu huchelewa kupenya kwenye grafiti, na ikisukumwa kwa nguvu hujikusanya juu yake ikiwa metali ya lithiamu. Gari hupunguza kasi ya kuchaji lenyewe ili kuzuia hilo, kwa hiyo usishangae. Kama gari lina uwezo wa kupasha betri joto kabla ya kufika kwenye chaja, utumie.

Kuna jambo moja linalohusu usalama wako kuliko betri. Soketi ya kawaida ya ukutani ikitoa ampia 10 kwa saa nane mfululizo inafanya kazi ngumu mno. Birika la umeme huchukua kiasi kama hicho, lakini kwa dakika chache tu. Baada ya nusu saa ya kuchaji, weka kiganja juu ya plagi. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuacha kiganja pale, zima umeme kwenye swichi ndipo uchomoe. Tazama matundu ya soketi: ukiona rangi ya kahawia pembeni, plastiki iliyolegea au harufu ya kuungua, usiitumie tena mpaka fundi umeme aibadilishe. Usichaji kupitia ekstensheni iliyoviringishwa, kwa sababu joto hujikusanya katikati ya mizunguko ya waya. Kama utachaji nyumbani kila siku, fungiwa laini ya peke yake kutoka kwenye kisanduku kikuu cha umeme.

Unapoondoka kwa wiki kadhaa, liache gari na chaji kati ya asilimia 40 na 60, mahali penye kivuli, na uzime huduma zinazoamsha kompyuta zake, kama kamera za ulinzi. Usiwe unalichungulia kwenye simu kila saa, maana kila unapoliuliza hali yake linaamka na kutumia umeme. Kumbuka pia betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndiyo inayofungua milango na kuwasha kompyuta, na ikifa gari halitawaka hata kama betri kubwa ina nusu. Kama ina zaidi ya miaka mitatu au minne, mwambie fundi aipime kabla hujasafiri.