Pawa saplai ya kadi mbili za grafiki: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitaka kompyuta ya kadi mbili, iwe ya kurenda (kutengeneza picha na video za 3D) kwa programu ya Blender au ya kuendesha modeli za AI nyumbani, dukani utaulizwa swali moja tu: unataka wati ngapi? Swali si baya, ila jibu lake haliko kwenye boksi peke yake.

"Jumlisha wati za vifaa, nunua inayolingana." Chukua kadi mbili za Nvidia RTX 3090. Kila moja imepangiwa wati 350, hivyo mbili ni 700. Prosesa ya Ryzen 9 5950X hufika 142, na madabodi, feni na diski tuziwekee 70. Jumla 912. Mtu ananunua saplai ya wati 1,000 na kuona amebakiza akiba. Kumbe kadi haivuti umeme kwa kiwango kimoja: kwa kitambo kifupi mno huruka juu kabisa ya wati zake, na zikiruka zote mbili kwa pamoja, saplai inaweza kujizima ili ijilinde. Mashine inakata ghafla katikati ya kazi, fundi anaanza kushuku kadi nzima isiyo na kosa. Ndiyo sababu kiwango cha ATX 3.0 cha mwaka 2022, yaani kanuni za utengenezaji wa saplai, kinataka saplai zenye soketi ya 12VHPWR (ya kulisha kadi za grafiki) zihimili mara mbili ya wati zake kwa mikrosekunde 100. Kwa kadi hizi mimi nisingeshuka chini ya 1,200. Ambaye tayari ana ya 1,000 nzuri asiitupe: amri ya `nvidia-smi -pl 280` inashusha kikomo cha kila kadi hadi wati 280, na kasi inayopotea ni ndogo kuliko umeme unaookolewa.

"Wati 1,000 ni wati 1,000." Geuza saplai usome lebo, mstari wa volti 12, maana kadi na prosesa zinakula hapo. Ya wati 1,000 ya kweli huonyesha ampea 83 hivi. Ukikuta 50, zidisha kwa 12: hizo ni wati 600, hata boksi liseme nini. Nayo alama ya 80 Plus Gold inapima umeme unaopotea kuwa joto tu, haikuhakikishii ulinzi.

"Saplai kubwa inaongeza bili." Hapana. Inatoa kile kinachoombwa.

"Waya mmoja wenye vichwa viwili unatosha kadi moja." Kichwa cha pini 8 kimepangiwa wati 150. Vichwa viwili kwenye waya mmoja ni wati 300, yaani ampea 25 zinazopita kwenye nyaya tatu nyembamba zilizo ndani yake upande wa saplai. Kwa kadi inayofanya kazi usiku kucha, plastiki ya plagi inaweza kuanza kubadilika rangi. Kila kichwa kipewe waya wake. Na usiazime waya wa saplai nyingine hata kama unaingia vizuri: mpangilio wa pini upande wa saplai hutofautiana, na volti 12 ikifika pasipo pake, diski au kadi inaungua papo hapo.

"Umeme ukikatika, UPS ipo." UPS ni kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika; ndogo ya VA 650 (VA ni volti mara ampea, na huwa kubwa kuliko wati halisi) kwa kawaida hutoa chini ya wati 400. Mashine hii ikiwa kazini inahitaji UPS ya wati 1,200 au zaidi, na zisomwe wati, si VA.