Kabla ya Bandeji: Ninavyowafundisha Wanafunzi wa Sekondari Kumhudumia Mchezaji Aliyeumia

Shule inaponialika kuzungumza na wanafunzi kuhusu tiba ya michezo, aghalabu mwalimu wa michezo huwa amekwisha kuniandalia meza yenye bandeji, plasta pana, dawa ya kupuliza na chupa ya spiriti, na wanafunzi huwa wamekaa tayari kufungana viungo. Meza hiyo huiacha kando kwa muda. Ninachotaka wajifunze kwanza ni kumtazama mchezaji aliyeanguka na kuamua mambo matatu: iwapo maisha yake yamo hatarini, iwapo anaruhusiwa kurudi uwanjani, na iwapo anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo. Kufunga bandeji hufundishika kwa alasiri moja, lakini kuamua sawasawa, huku watazamaji wanapiga kelele na timu iko nyuma kwa bao moja, ni jambo linalohitaji muhula mzima wa mazoezi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mombasa, na wengi wa ninaowatibu ni vijana wa shule. Wengi wao hawafikishwi kwangu siku waliyoumia. Huja baada ya wiki kadhaa, goti likiwa limekwisha kulegea au kifundo cha mguu kikiwa kimeteguka mara ya pili na ya tatu, na ninapouliza nani aliwaona siku ya kwanza, jibu huwa ni kocha au rafiki. Kocha ana kazi yake, nayo ni kushinda. Si haki kumtwika pia uamuzi wa kumtoa mshambuliaji wake bora katika nusu fainali. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba kila timu ya shule iwe na wanafunzi wawili au watatu wasiocheza siku hiyo, wenye jukumu moja tu la kuangalia usalama wa wenzao, na ambao neno lao, mwalimu akiwa nyuma yao, halipingwi na mtu aliye kwenye benchi.

Nchini Marekani kazi hii ina wataalamu wake kamili. Chama chao cha kitaifa kiliundwa mwaka 1950, na mwaka 1990 chama cha madaktari wa nchi hiyo kikaitambua rasmi kuwa taaluma ya afya. Shule nyingi za sekondari za huko zina mtaalamu wa namna hiyo, na wanafunzi wanaoipenda kazi hii humsaidia huku wakijifunza kwake. Kwetu mtaalamu wa aina hiyo ni nadra kumkuta kwenye uwanja wa shule, kwa hiyo mwanafunzi aliyefundishwa vizuri ndiye macho ya kwanza, na inafaa aelewe mapema mipaka yake: hatoi dawa, harudishi kiungo kilichohama mahali pake, na hachui.

Nianze na kifundo cha mguu, kwa kuwa ndicho kinachoumia mara nyingi zaidi katika mpira wa miguu, netiboli na mpira wa kikapu. Mchezaji anatua juu ya mguu wa mwenzake au kwenye shimo, wayo unageuka kwa ndani, na ligamenti (utepe mgumu unaoshikanisha mifupa) ya upande wa nje, mbele kidogo ya kile kinundu cha mfupa, inavutika au kuchanika. Uvimbe huchomoza upesi na mchezaji hupiga ukelele, lakini ukubwa wa uvimbe na wa ukelele hautuambii kama mfupa umevunjika. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa nchini Kanada walichapisha kanuni rahisi za kuamua nani anahitaji picha ya eksirei, nami huwafundisha wanafunzi kuzitumia kwa vidole vyao wenyewe. Mwanafunzi hupiga magoti, huuliza ruhusa, kisha hubonyeza polepole ukingo wa nyuma wa kinundu cha nje, kuanzia nchani na kupanda juu sentimita 6, halafu hufanya vivyo hivyo kwa kinundu cha ndani. Baadaye hubonyeza mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, kwenye mstari wa kidole kidogo, na mwisho mfupa ulio juu ya upinde wa wayo upande wa ndani. Maumivu ya kubonyezwa mfupa katika sehemu hizo, au kushindwa kupiga hatua 4 hata za kuchechemea, yanatosha kumpeleka hospitali akapigwe picha.

Hapo huongeza tahadhari inayowahusu vijana hasa. Mifupa yao bado inakua, na karibu na ncha zake kuna tabaka laini la ukuaji ambalo mara nyingine huwa dhaifu kuliko ligamenti yenyewe. Kwa mtu mzima pigo hilo lingechana ligamenti, ilhali kwa kijana wa miaka 14 linaweza kuumiza tabaka hilo la mfupa. Kwa hiyo huwaambia kwamba kanuni za Ottawa ziwasaidie kujua nani lazima apelekwe, na wasizitumie kumtuliza mtu ambaye wana shaka naye.

Kisha tunafika kwenye jambo ambalo kila nyumba ya Pwani inalijua: kuchuliwa. Kijana akirudi nyumbani akichechemea, maji ya moto na mafuta huwa tayari, na bibi au jirani mwenye mkono mzuri huitwa. Nawaheshimu wazee hao, na najua wamewasaidia wengi wenye misuli iliyokaza. Hata hivyo, katika siku mbili tatu za kwanza mishipa midogo ya damu iliyochanika bado haijaziba, na joto pamoja na kusuguliwa kwa nguvu huongeza kuvuja kwa damu na uvimbe. Iwapo mfupa umevunjika, hatari ni kubwa zaidi. Nawaomba wanafunzi walifikishe hilo nyumbani kwa adabu, na kwa ombi moja tu: jeraha lisichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto mpaka siku hizo zipite na mfupa uthibitishwe kuwa mzima.

Barafu nayo ina historia yake. Ushauri wa kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua mguu ulienezwa na daktari Gabe Mirkin wa Marekani mwaka 1978, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Msimamo wangu ni kwamba barafu inatuliza maumivu na hiyo ni sababu ya kutosha kuitumia siku ya kwanza, kwa dakika 15 hadi 20 kwa mara moja, lakini haiponyi. Kinachoponya ni kuanza kuutumia mguu mapema kwa kiasi ambacho maumivu yanaruhusu, kisha kuzoeza misuli na kusimama kwa mguu mmoja hadi mizani ya mwili irejee. Barafu hapa Mombasa haina shida. Wauza samaki wanayo. Itiwe kwenye mfuko usiovuja, ifungwe kwa leso iliyokunjwa ili isiiunguze ngozi kwa baridi, na isiwekwe juu ya kidonda kilicho wazi, maana barafu hiyo si safi.

Jeraha la kichwa halina nafasi ya majadiliano. Wachezaji wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii, na hapo ndipo watu hukosea, kwa sababu mchezaji anasimama, anajifuta vumbi na kusema yuko sawa. Wanafunzi wangu hujifunza kutazama anayeinuka polepole, anayeshika kichwa, anayeyumba, anayekodoa macho pasipo kuona, au anayeuliza swali lile lile mara mbili. Kisha humuuliza maswali ya papo hapo: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani amefunga mara ya mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani. Jibu moja lisilo sahihi linatosha kumtoa, lakini majibu yote yakiwa sahihi bado hayamruhusu kurudi iwapo dalili nyingine imeonekana. Akishukiwa tu, mechi yake imekwisha. Januari 2011, huko Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa kichwa katika mechi ya raga ya shule, akaachwa aendelee, akagongwa tena, akafariki. Huwasomea wanafunzi tukio hilo lilivyo, bila kulipamba, na sijaona darasa lililobaki na maswali kuhusu kwa nini tunakuwa wakali.

Anayetapika tena na tena, anayezidi kuumwa kichwa, anayelala asiamke, anayepata degedege au kulegea mkono au mguu apelekwe hospitali bila kusubiri filimbi ya mwisho. Anayelalamika maumivu ya shingo au ganzi asiinuliwe wala kugeuzwa na wachezaji wenzake, bali kichwa chake kishikwe kikiwa kimetulia hadi wahudumu wafike. Baada ya mtikisiko, kijana hurudi kwanza darasani, kisha kwenye mazoezi mepesi, kisha hatua kwa hatua kwenye mchezo. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya kawaida unataka zisipungue siku 21 kabla ya kurudi kwenye mashindano, nami nadhani shule zetu zingefanya vyema kuuchukua kama ulivyo.

Joto letu linastahili somo lake peke yake. Kuanzia Januari hadi Machi, muhula wa kwanza ukiwa umepamba moto, Mombasa ina jua kali na hewa iliyojaa unyevu. Mwili hupoa jasho linapokauka kwenye ngozi. Unyevu ukizidi, jasho linatiririka tu bila kukauka, na joto la ndani linaendelea kupanda. Mchezaji anayelalamika kizunguzungu na uchovu lakini anajielewa apelekwe kivulini, apumzike na anywe maji. Mchezaji anayeweweseka, anayegombana na wenzake bila sababu, au anayeanguka na fahamu zake zikapungua huku mwili unawaka, huyo tumchukulie kuwa ana kiharusi cha joto, ambapo joto la ndani hupita nyuzi 40. Asidanganye mtu kwamba lazima ngozi iwe kavu. Anayefanya mazoezi huwa bado analowa jasho.

Hapa huwafundisha utaratibu unaowashangaza wengi: apozwe kwanza, ndipo asafirishwe. Gari likikwama kwenye foleni ya Kibarani au kwenye kivuko cha Likoni naye bado anaungua, ubongo na maini vinaharibika njiani. Lengo ni kulishusha joto ndani ya dakika 30. Njia bora ni kumtumbukiza mwili hadi shingoni kwenye beseni kubwa au hodhi la maji baridi, kichwa kikiwa kimeshikwa juu. Pasipo na hodhi, amwagiwe maji mfululizo, apepewe, na leso zilizochovywa kwenye maji ya barafu zifunike mwili mzima na kubadilishwa kila zinapopata joto. Kwa sababu hiyo, ndoo za maji na barafu ziwe kando ya uwanja kabla mechi haijaanza.

Katika mwezi wa Ramadhani mimi huwashauri walimu wapunguze ukali wa mazoezi na wayasogeze karibu na magharibi au baada ya tarawehe, ili anayefunga apate maji upesi. Mchezaji aliyezidiwa na joto ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Ni vizuri mwalimu wa dini mwenyewe awaambie hivyo kabla ya msimu, ili mwanafunzi anayehudumia asisitasite. Ningependa pia kila timu ya wasichana iwe na wasichana wake wa kuhudumia, na leso mbili za ziada za kumsitiri aliyelala uwanjani.

Kuhusu moyo nitasema machache, kwa kuwa hili lazima lifundishwe kwa vitendo na wakufunzi kama wale wa Msalaba Mwekundu. Mchezaji anayeanguka bila kuguswa na mtu, haitiki na hapumui kawaida, moyo wake umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Kifua kibonyezwe katikati, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga simu ya gari la wagonjwa na mwingine akitafuta mashine ya kushtua moyo. Christian Eriksen, mchezaji wa soka wa Denmark, alianguka hivyo mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, na yuko hai kwa sababu waliokuwa karibu walianza mara moja.

Wanafunzi wanaopenda kazi hii huniuliza njia. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa gredi ya 10 wanaweza kufuata mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, lakini anayetaka kutibu asiiache Biolojia. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC, hutoa stashahada ya fiziotherapia, na vipo vyuo vikuu vinavyotoa shahada yake. Kazi yenyewe inasimamiwa na sheria ya mwaka 2014, na hakuna anayeruhusiwa kuifanya bila kusajiliwa na baraza lake.

Kabla sijaondoka shuleni huwaachia zoezi moja na daftari moja. Zoezi ni dakika 20 za kupasha mwili moto kwa utaratibu wa FIFA 11+, ambao katika utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 ulipunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Wanafunzi hurekodi kwa simu namna wenzao wanavyoruka na kutua, na anayetua magoti yakielekeana ndani hufundishwa upya kabla goti halijachanika. Daftari ni la majeraha: tarehe, uwanja, dakika ya mchezo, alivyoumia, alichofanyiwa, aliyearifiwa nyumbani, na siku aliyoruhusiwa kurudi. Kwenye daftari la shule moja tuliona majina ya walioteguka vifundo yakirundikana kwenye kona ile ile ya uwanja, palipochomoza jiwe la matumbawe lililofunikwa na mchanga mwembamba. Mwalimu mkuu akaagiza ling'olewe na pasawazishwe.