Kicheza CD cha zamani kikigoma kusoma, usianze kulaumu leza

Vicheza CD vya mkononi vingi ninavyoletewa huwa vimeshahukumiwa kwamba "leza imekufa". Nikivifungua, mara nyingi nakuta leza ni nzima. Tangu Sony ilipotoa kicheza CD cha mkononi cha D-50 mwaka 1984, mashine hizi zina shida moja inayowachanganya watu: magonjwa tofauti yanatoa dalili ileile. Unabonyeza kitufe cha kucheza, diski inajitikisa kidogo au haizunguki kabisa, kisha kioo kinadai hakuna diski.

Kwa hiyo kabla ya kung'oa chochote mimi huangalia jinsi inavyoamka. Kwanza kitoroli kinachobeba lenzi kinarudi hadi karibu na mota ya katikati, kwa sababu CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje. Leza inawaka. Lenzi inapanda na kushuka mara kadhaa ikitafuta umbali sahihi wa kuona diski. Kwenye mashine nyingi, mota haizungushi diski mpaka lenzi ipate umbali huo. Baada ya hapo inasomwa orodha ya nyimbo iliyo mwanzoni kabisa mwa diski, na idadi yake inatokea kwenye kioo. Kila hatua inasubiri iliyotangulia, hivyo pale inapokwama ndipo pa kuchunguza.

Ili uone haya mfuniko ukiwa wazi, itabidi ubonyeze swichi yake kwa kijiti cha plastiki. Hapo kuwa makini sana. Mwanga wa leza hii, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 hivi, karibu hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyaumiza. Usiinamie lenzi. Tumia kamera ya simu ukiwa pembeni. Kamera nyingi huuonyesha kama nukta ya zambarau.

Umeme ni jambo la dakika chache: safisha vituo vya betri vilivyoota kutu, na hakikisha chanya na hasi za adapta zinafuata mchoro ulio kwenye mashine, maana za zamani hazifanani. Lenzi yenyewe ipanguse kwa pamba na spiriti safi ya isopropili bila kuikandamiza, kwani imening'inia kwenye nyaya nyembamba mno. Mashine ikisoma nyimbo za mwanzo na kukwama za mwishoni, tazama reli ya kitoroli. Grisi ya kiwandani huwa imekauka na kugeuka kama nta. Ifute yote, kisha paka grisi mpya kidogo, ya aina isiyokula plastiki.

Ninapotumia muda mwingi zaidi ni kwenye kapasita, vile vipande vidogo vya bodi vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi. Mashine za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 zina kapasita ndogo za elektroliti zilizobandikwa juu ya bodi, na nyingi huvuja bila kuvimba. Kwa nje ziko sawa kabisa, ila lehemu ya miguuni imefifia na kupoteza mng'ao. Ukigusa kwa pasi ya kulehemu, inapanda harufu kama ya samaki. Maji yanayovuja humo yanakula njia za shaba za bodi, kwa hiyo kubadilisha kapasita peke yake hakutoshi: osha sehemu yote kwa spiriti, pitisha mita ya umeme kwenye kila njia, na iliyokatika iunge kwa waya mwembamba. Usizing'oe kapasita kwa koleo, utaondoka na shaba ya bodi. Ukiweka za tantalamu badala ya zile za alumini, angalia mstari: kwenye alumini unaonyesha hasi, kwenye tantalamu unaonyesha chanya. Ukiigeuza, inaweza kuungua.

Halafu kuna zile skurubu ndogo za kurekebishia. Naomba sana uziache. Kuongeza nguvu ya leza kunaweza kuifufua mashine kwa muda, lakini kunaimaliza leza haraka, na alama ya kiwandani ikishapotea, kuirudisha kunataka osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Jaribu kwanza kwa diski halisi ya kiwandani. Diski za kurekodi nyumbani hurudisha mwanga kidogo zaidi, na zile za kufuta na kurekodi upya hurudisha mdogo mno, kiasi kwamba mashine nyingi za zamani hazizioni hata zikiwa nzima.

Umeyapitia yote hayo na leza kweli imechoka? Badilisha kitengo chote cha lenzi. Vingi huja na tone la lehemu lililounganisha vituo viwili ili umeme tuli usiiue leza njiani. Unganisha kwanza waya bapa kwenye bodi, ndipo uliondoe tone hilo, kabla ya kuwasha. Likibaki, leza haitawaka, na utakirudisha kitengo kipya ukidhani ni kibovu.