Utando wa seli si ukuta

Nikimwambia mwanafunzi anichoree seli, mara nyingi huanza na duara la mstari mzito, kisha pembeni anaandika "ukuta". Siachi neno hilo lipite. Ukuta wa seli upo kweli, lakini ni wa mimea, kuvu na bakteria wengi, nao ni gamba gumu linalokaa nje. Kinachoizunguka kila seli hai, hata hiyo yenye ukuta, ni utando, na utando hauna ugumu wowote. Ni mafuta yanayotembeatembea, unene wake nanomita 5 hadi 10 tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita).

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni fosfolipidi. Molekuli moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zikiwa majini hujipanga zenyewe safu mbili: vichwa huelekea maji ya ndani na ya nje, mikia hufichana katikati. Hakuna gundi wala mshono. Molekuli za maji hupenda kushikana zenyewe kwa zenyewe, na mafuta, yasiyoweza kushikana nazo, hubanwa pamoja. Kwa hiyo kinachoushikilia utando ni maji yaliyouzunguka. Nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado hunishangaza kila ninapolieleza.

Tulijuaje kwamba safu ni mbili? Mwaka 1925, Gorter na Grendel wa Uholanzi walitoa mafuta ya seli nyekundu za damu kwa asetoni, kiyeyushi cha mafuta, wakayatandaza juu ya maji yawe safu moja, wakapima eneo lake. Lilikaribia mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Baadaye ilibainika kuwa walikosea kotekote: mafuta hawakuyatoa yote, na eneo la seli walilikadiria dogo kuliko lilivyo. Makosa yale mawili yakafidiana, na jibu likabaki sahihi.

Seli hizohizo ndizo ninazozitumia maabara. Weka chini ya hadubini tone la damu lililozimuliwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, utaona visahani vilivyobonyea katikati. Sasa penyeza maji matupu kwenye ukingo wa kioo cha juu. Seli za ukingoni huvimba, mbonyeo unatoweka, zinakuwa mipira. Halafu, moja baada ya nyingine, zinapotea machoni. Wanafunzi husema zimeyeyuka. Hazijayeyuka. Utando umechanika, himoglobini, protini inayozipa wekundu wake, imemwagika, na lililobaki ni ganda lisilo na rangi ambalo sisi wanabiokemia huliita mzuka. Ukiirudishia mizuka hiyo chumvi na kuiweka kwenye joto la mwili, mingi hujiziba. Maji yanabana mafuta, na mpasuko unafungika.

Mbona maji yaliingia upesi hivyo? Oksijeni na kabonidayoksaidi hupenya katikati ya mafuta bila shida, lakini maji hupenya kwa kujivuta. Mwaka 1992, Peter Agre na wenzake nchini Marekani walionesha kwamba protini fulani waliyoikuta kwenye seli nyekundu ni mfereji wa maji. Iliitwa akwaporini, na mwaka 2003 ikamletea Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mfereji mmoja hupitisha molekuli za maji zipatazo bilioni 3 kwa sekunde, ilhali protoni, ambayo ni ndogo zaidi, inazuiwa.

Ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme kama zile za chumvi, nazo haziwezi kupita kwenye mafuta. Zinahitaji mifereji yake, au pampu. Pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyogunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kwa kila molekuli inayoitumia ya ATP, kibeba nishati cha seli. Pampu hizi zikisimama, sodiamu hulundikana ndani, maji huifuata, na seli huvimba. Kwa hiyo seli ya mnyama haijalindwa na uimara wa mpaka wake. Inalindwa na kazi isiyokatika.

Protini hizi hazijapigiliwa misumari. Mwaka 1970, Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na ya binadamu, wakazitofautisha protini za kila upande kwa rangi yake. Baada ya dakika 40 hivi rangi zilikuwa zimechanganyika utando mzima. Miaka miwili baadaye Singer na Nicolson wakaueleza utando kama bahari ya mafuta ambamo protini zinaelea, na maelezo hayo ndiyo msingi wa tunachofundisha hadi leo, ingawa sasa tunajua bahari yenyewe imesongamana mno.

Tena safu zake mbili hazifanani. Fosfatidilserini, aina mojawapo ya fosfolipidi, huwekwa upande wa ndani na protini zinazotumia nishati kuirudisha kila inapovukia nje. Seli inapoanza kufa kwa utaratibu wake, mpangilio huo huvunjwa na fosfatidilserini hutokea upande wa nje. Seli mlaji za kinga huitambua, huishika seli ile na kuimeza kabla haijapasuka na kumwaga vilivyomo.