Majengo 2020, na kwanini watu wanakufa kwenye umati

Kila nikifundisha huduma ya kwanza hapa Moshi lazima mtu aulizie habari ya Majengo, na mara nyingi swali linakuja na jibu lake ndani, "si walikuwa wanagombania mafuta tu?" Sasa nimeamua niandike, nikiulizwa tena natuma linki.

Kwa ambao hamkuwepo huku, ilikuwa Jumamosi tarehe 1 Februari 2020, kongamano la maombi kwenye viwanja vya Majengo, watu wakawa wanakimbilia kupita kwenye mafuta ya upako, wakabanana, watu 20 wakafa na wengine wakaumia. Mimi nakaa mitaa ya huko huko. Sikusikia mlio wowote wa kushtua, kilichonishtua ni simu, yani simu haikai chini, "shangazi alienda?" "mama fulani amerudi?" maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu kule, na usiku ule ule watu wakaanza kumiminika hospitali ya Mawenzi kutafuta ndugu zao. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alirudi na bodaboda yuko peku, nikampa maji, hakunywa, akaniambia "mwanangu, miguu yangu ilikuwa haigusi chini." Akarudia tena. Miguu ilikuwa haigusi chini.

Wasiofanya kazi hii wanaweza kudhani mama anaongea kwa mshtuko. Mimi nilijua anachosema ni kweli kabisa. Chora boksi la mita moja kwa mita moja hapo sakafuni. Wakisimama watu wawili watatu wanatembea vizuri tu, wakifika wanne au watano mnaanza kugusana, wakifika sita, saba, hapo wewe sio mwenye mwili wako tena, umati ukienda kushoto na wewe unaenda kushoto, unaweza kunyanyuliwa na mabega ya watu na ukasogea bila kupiga hatua. Na sio lazima mtu awe mbaya. Aliye nyuma anasogea kidogo tu, hata haoni kinachoendelea mbele, lakini visukumo vya watu mia vikijumlishana vinakuja kumwishia mmoja aliyebanwa kwenye ukuta au geti.

Kinachoua zaidi kwenye misongamano ya namna hii, na hapa ndo watu hunibishia, sio miguu ya watu. Ni hewa. Ili uvute pumzi lazima kifua kitanuke na tumbo lisogee, sasa kifua kikibanwa mbele na nyuma kama gunia katikati ya magunia kwenye fuso, mapafu hayajai hata kama pua na mdomo viko wazi. Mtu anazimia akiwa amesimama wima. Na ubongo ukikaa bila oksijeni kama dakika nne hadi sita unaanza kuharibika. Ndo maana hata mtu mwenye nguvu zake anaweza kufa pale bila jeraha kubwa la kuonekana.

Jumatatu yake kwenye daladala nilisikia maneno mpaka nikatamani kushuka, eti tamaa ya miujiza, eti watu hawajasoma. Haya, Machi 2021 Dar, uwanja wa Uhuru, watu wameenda kumuaga Rais Magufuli, polisi wakasema waliokufa ni 45, pale kulikuwa na mafuta gani? Oktoba 2022 Seoul, Korea Kusini, vijana wako kwenye starehe zao, kichochoro chembamba chenye mteremko, wakafa zaidi ya 150. Imani haihusiki wala elimu, ni nafasi na njia ya kutokea basi.

Ukijikuta umebanwa, mikono ipandishe mbele ya kifua kama bondia, hiyo nafasi ndogo ndo pumzi yako. Usipige kelele hovyo, tunza hewa. Usisukume kurudi nyuma, subiri wimbi likilegea halafu sogea kimshazari kuelekea pembeni, ila sio kwenye ukuta. Kiatu au simu ikidondoka iache, jamani iache, usiiname. Mtoto mbebe juu, usimshike mkono tu. Ukianguka na huwezi kuinuka lala ubavu, jikunje, kinga kichwa.

Na ukiwa nje ukamkuta mtu hapumui usihangaike kumpepea na kitenge wala kumwagia maji. Mtu mwingine apige 112, wewe mlaze chali, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kishuke kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike au mtu akupokee.

Siku hizi nikiitwa kusimamia huduma ya kwanza kwenye mkutano wowote, uwe wa injili, wa siasa au wa muziki, siulizii ambulensi kwanza. Nauliza njia za kutokea ziko ngapi na zina taa, halafu nauliza ni nani atakaa juu anaona umati wote na ana ruhusa ya kumkatisha aliyeshika maiki. Wengi wananijibu "tuna walinzi wa kutosha." Nawaambia nipeni jina na namba ya simu ya huyo mtu, bila hivyo mimi siji.